Balungi Katika Bakuli la Babu

Nyumbani wananiita Kiherehere, na siwezi kukataa. Kila Jumapili ya msimu wa baridi mama hutengeneza saladi ya machungwa na machenza. Hayakatwi ovyo. Kila kipande huvuliwa ngozi yake nyembamba na kutolewa mbegu, kwa sababu babu, baba yake mama, amebakiwa na meno matano na malalamiko mengi.

Jumapili hiyo niliidaka kazi kabla sijaombwa. Mama alikuwa na nguo za kufua, akanipa kisu, machungwa manane na machenza sita. Akanionya nisiguse balungi lililokuwa rafuni, kwani lilikuwa la jirani. Tena akarudia maneno ya mfamasia: vidonge vya presha anavyomeza babu havipatani na balungi, vinaweza kumshusha presha mpaka aanguke. Nikaitikia, "Ndiyo, mama," kwa sauti ya mtoto mwema.

Jamani, kumenya machungwa kunatoa mate! Kipande kimoja bakulini, kimoja kinywani. Nilipozinduka, bakuli lilikuwa nusu. Niliona aibu kuitwa mlafi mbele ya babu. Basi nikalimenya lile balungi, nikalichanganya na kumwagia asali ili uchungu usijulikane. Nilijiambia vipande vichache havimdhuru mtu. Uongo wa kumpa jirani ningeutafuta baadaye.

Babu alikuja amejifunika blanketi, akaketi mezani. Akala kijiko kimoja. Akala cha pili, akanisifu kwamba leo nimempita mama. Sifa hiyo ilinichoma. Nikisema, nimekwisha. Nisiposema, babu huenda akaanguka. Kijiko cha tatu kikaanza kupanda.

"Babu, usile," nikasema. "Nimetia balungi."

Kijiko kikasimama hewani. Mama alisikia, akaingia kutoka uani mikono imejaa povu. Akampigia simu mfamasia. Mfamasia aliuliza babu amekula vijiko vingapi na kidonge amemeza saa ngapi, kisha akaagiza asiinuke peke yake na apimwe presha kila nusu saa.

Mchana kutwa nilikaa miguuni pa babu. Kila mama alipofunga kipimo cha presha mkononi mwa babu, roho yangu ilikuwa juu juu. Mara ya tatu presha ilishuka, babu akasema kichwa kinamzunguka. Nikalia waziwazi. Mara ya nne haikushuka tena. Jioni mfamasia alipita mwenyewe, akampima, akasema hatari imepita. Vijiko viwili si vingi. Bakuli zima lingekuwa habari nyingine.

Nilimwomba babu radhi, nikamweleza yote, hata idadi ya vipande nilivyokula. Akanivuta karibu.

"Machungwa uliyokula yaliingia tumboni mwako, mjukuu wangu," akasema. "Ulichokificha kiliingia tumboni mwangu. Siku nyingine niletee bakuli nusu na ukweli mzima."

Mama akanituma kwa jirani nikaeleze balungi lake liko wapi. Nilienda, nikaeleza.

Jumapili iliyofuata bakuli lilipungua vipande vitatu. Nilimwambia babu kabla hajashika kijiko.