Kilo Tatu za Kisiki

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na tanuri moja, na kati ya hivyo vitatu, tanuri ndilo lililoheshimiwa zaidi. Lilikuwa la kwanza kuamka na la mwisho kulala. Kila asubuhi baba alitoa mikate, unga ukiwa umemjaa hadi kwenye nyusi, na binti yake akaipanga kwenye rafu huku akinywa uji.

Uji huo aliupika baba mwenyewe. Mama alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo baba aliukoroga kwa upawa wa mama ule ule, ila mkono haukuwa ule. Uji ulikuwa na madonge makubwa kiasi cha kuweza kupewa majina.

"Kunywa, mwanangu," baba alisema. "Madonge hayaumi."

"Sawa, baba. Na hili nilitafune au nilikate kwa kisu?"

Jina la msichana huyu kwenye daftari la mahudhurio lilikuwa refu, lakini shule nzima ilimwita Kisiki. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na ndiye aliyesimama mwisho wa kamba katika timu ya shule ya kuvuta kamba. Akishachimbia visigino vyake ardhini, hakuna aliyewahi kumng'oa. Alilipenda jina hilo kuliko lile la daftarini.

Njiani kwenda shule alibeba boksi lenye skonzi sita za maziwa, juu zimenyunyiziwa sukari, na kulipeleka ofisini kwa mwalimu mkuu. Zilikuwa za "wageni wa ofisi". Kwa miaka miwili Kisiki alikuwa hajamwona hata mgeni mmoja.

Jumatatu hiyo mwalimu mkuu aliwaita wavutaji wote wanane. Jumamosi ilikuwa siku ya fainali, na sheria ilisema uzito wa timu nzima usizidi kilo mia tatu na ishirini. Mizani ya stoo ilikuwa imewekwa juu ya zulia la ofisi. Nahodha wa timu, rafiki mkubwa wa Kisiki aliyeitwa Filimbi kwa sababu ya sauti yake, akaanza kufungua kamba za viatu.

"We! Hakuna kuvua viatu ofisini kwangu!" mwalimu mkuu alifoka. "Soksi zenu nazijua."

Wakapanda mizani mmoja mmoja, na viatu vyao na masweta yao. Mwalimu mkuu akajumlisha, akakunja uso.

"Mia tatu ishirini na tatu. Tumezidi kilo tatu." Akawatazama wote wanane kana kwamba mmoja wao alikuwa ameziiba. Macho yakatua kwa Kisiki, aliyekuwa na kilo arobaini na saba. "Wewe ndiye uliye nazo."

"Mimi, mwalimu?"

"Kwani mimi ndiye ninayevuta?"

Akanyoosha kidole kwenye kalenda ukutani, aliyopewa na mfanyabiashara wa majani ya chai ya kupunguza unene. Ilikuwa na picha ya mkate uliopigwa mstari mwekundu. "Adui ni wanga! Kuanzia leo mkate marufuku, wali marufuku, viazi marufuku, uji marufuku. Ijumaa nakupima. Kama kilo tatu hazijatoka, mpwa wangu atashika mwisho wa kamba."

Mpwa wake huyo hata mlango wa darasa ulimshinda kuusukuma. Lakini ndivyo walivyo wenye ofisi: wao wakikosea, anayepunguziwa chakula ni mtu mwingine. Kabla kengele haijalia, tangazo la herufi kubwa lilikuwa limebandikwa ubaoni: WANGA NI ADUI.

Kisiki akaapa moyoni kwamba kilo tatu zitatoka. Mwisho wa kamba ulikuwa wake.

Jioni baba alimwekea wali na maharage. Akachokoa maharage, akasukuma wali pembeni.

"Una nini?" baba aliuliza.

"Nimeshiba, baba."

"Umeshiba nini? Upepo?"

Kisiki alimjua baba yake. Tangu siku zile alizozungushwa pamoja na mama mgonjwa kutoka dirisha hadi dirisha hospitalini, hakumwamini mtu yeyote mwenye muhuri. Angeenda shule na unga wake usoni, afanye fujo, na nafasi ipotee kabisa. Kwa hiyo akanyamaza, na baba akabaki kushuku mkate wake. Alionja hamira, akaonja chumvi, akala mkate mzima kipande kwa kipande akitafuta kosa. Hakuliona. "Mama yako angejua la kufanya," alisema polepole, akaupangusa ule upawa ingawa ulikuwa mkavu.

Jumanne saa nne, wenzake walipokunywa uji, Kisiki alikaa chini ya dirisha na karanga za kukaanga.

"Nipe mkate wako, nikusaidie kuuondoa machoni," alisema Filimbi.

"Chukua. Na kiazi hiki."

"Na kiazi! Rafiki ni mimi tu katika dunia hii." Filimbi alitafuna kwa huruma kubwa. "Sasa wewe utakunywa nini? Kunywa soda. Soda siyo wanga, ni maji yaliyochangamka."

Hoja hiyo ilimwingia Kisiki. Akanywa soda mbili, na Jumatano akanywa tatu. Jumatano hiyo asubuhi aliiba nafasi ya kupanda mizani ya unga ya baba, akaona ameshuka kilo moja na nusu. Alitaka kushangilia, lakini alipoinua mikono kizunguzungu kikamshika, akakaa juu ya gunia. Kichwa kilimuuma. Darasani aliulizwa saba mara nane, akajibu, "Ndiyo." Filimbi naye alianza kulalamika kwamba sketi inambana. Ilionekana kilo hazikuwa zimepotea, zilikuwa zimehama.

Alhamisi yalikuwa mazoezi ya mwisho, wanafunzi dhidi ya walimu. Kwa kawaida walimu waliburutwa kama godoro. Mwalimu mkuu alisimama mwisho upande wao, kamba imezunguka tumbo, na nyuma yake kulikuwa na beseni la chokaa ya kuchorea mistari ya uwanja.

"Vuta!"

Kisiki akachimbia visigino. Akaona kamba moja. Kisha akaona mbili, na hakujua ashike ipi. Vidole vikafunguka, na timu nzima ikaburutwa mbele kwa vishindo.

Sasa walimu hawakuwa wamejiandaa kushinda. Hawakuwahi kushinda tangu shule ilipoezekwa. Kamba ilipolegea ghafla, walianguka chali kwa mpangilio mzuri, wa kwanza juu ya wa pili, wa pili juu ya wa tatu, na wote juu ya mwalimu mkuu, aliyekaa ndani ya beseni la chokaa kwa ukamilifu. Aliponyanyuliwa alikuwa mweupe kama skonzi ambayo haijaingia tanurini.

Hakuna aliyethubutu kucheka, ila Filimbi, na yeye sauti yake haikuwa na siri.

Kisiki na mwalimu mkuu walipelekwa zahanati, hatua hamsini kutoka getini. Baba alifika mbio, glavu ya tanuri bado mkononi. Nesi, mama mnene wa sauti, alimlaza Kisiki kitandani. Mwalimu mkuu alisimama, kwa sababu kukaa hakukuwezekana.

"Leo umekula nini, mwanangu?" nesi aliuliza.

"Karanga na soda."

"Na jana?"

"Soda na karanga."

"Nani alikuandikia dawa hiyo?"

Kisiki alitazama dari. Kisha akamtazama baba yake, akaona ile glavu aliyosahau kuivua, akasema yote: kilo tatu, tangazo, mpwa, na kuficha kwake. "Nisamehe, baba. Mkate wako hauna kosa."

"Mimi nimekula mkate mzima kwa uchunguzi!" baba alisema, na huwezi kujua kama alicheka au alikuwa anataka kulia. Akamgeukia mwalimu mkuu. Ndipo nesi akainua kidole.

"Subiri, kaka. Mwalimu, na wewe umekula nini leo?"

"Chai tu," alisema mwalimu mkuu.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Kisiki kwa adabu. "Na skonzi sita."

"Saba," baba alisahihisha. "Leo niliongeza moja."

Chokaa ilidondoka sakafuni, tone kwa tone.

"Sikilizeni," nesi alisema, akivuta kiti. "Wanga ni kuni za mwili. Mkate, wali, viazi, uji, vyote mwili huvigeuza kuwa sukari ya kutumia, na kiasi fulani hukiweka akiba kwenye misuli na ini, pamoja na maji. Ukiacha ghafla, akiba inakwisha na maji yanatoka. Mizani inashuka, unafurahi, kumbe mafuta yako palepale. Umekauka tu. Na kichwa kinachofanya hesabu kinategemea sukari hiyo hiyo."

"Lakini nilikunywa soda," alisema Kisiki.

"Soda ni wanga pia, mwanangu. Ni sukari tupu. Inaingia mbio na kutoka mbio, na tumbo halina habari kama limekula."

"Filimbi alisema ni maji yaliyochangamka."

"Filimbi akamilishe kwanza darasa la sita."

Nje ya dirisha sauti ikasema, "Nasikia, nesi!" Timu nzima ilikuwa imejipanga pale.

"Sasa, uzito unapanda namna gani?" nesi aliendelea. "Unapanda mtu akiingiza kila siku zaidi ya anachotumia, iwe mkate, mafuta au nyama. Na vyakula vyeupe vilivyokobolewa na kutiwa sukari ni rahisi kuvizidisha, kwa sababu njaa inarudi upesi. Nafaka isiyokobolewa inakaa tumboni kwa muda. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo iwe maharage, yai au samaki, na robo iwe wanga. Anayefanya kazi nzito aongeze. Na mtoto anayekua hapunguzwi uzito kwa tangazo la ubaoni. Kuna vipimo na kuna sisi."

Baba alikuna kichwa, unga ukanyesha. "Mimi pumba zote nazichekecha, nampa jirani awalishe kuku."

"Ndiyo maana kuku wa jirani wana afya kuliko mwalimu mkuu," nesi alisema. "Haya, Kisiki, vua viatu upande mizani."

"Kwa nini avue?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Kwa sababu nampima mtoto, siyo fundi viatu wake."

Mwalimu mkuu akafumba macho. Unaweza kusema aliisikia hesabu ikimjia kwa miguu. Jozi nane za viatu vizito vya shule, na masweta manane. Nesi aliwaita wengine saba kutoka dirishani, akawapima peku na bila masweta, mmoja mmoja. Jumla ikawa kilo mia tatu kumi na nane na nusu.

"Hata kama Kisiki angekuwa amekula wiki nzima, msingezidi," alisema nesi. "Kilo zenu tatu zilikuwa miguuni."

"Tulikosea kidogo," alisema mwalimu mkuu.

"Nani?" baba aliuliza.

Mwalimu mkuu akapangusa chokaa mashavuni. "Nilikosea. Mimi." Na kwa kuwa alisema neno hilo mbele ya watoto, ambalo wenye ofisi wengi huenda nalo kaburini, baba alivua glavu akampa mkono.

Kisha nesi akamwelekeza mwalimu mkuu kwenye mizani. Alipanda. Mshale ulienda, ukaenda tena. Watoto walinyoosha shingo, lakini nesi alisimama mbele yao, akaandika kwenye kikaratasi bila kukisoma kwa sauti. Huruma hiyo hakuna aliyemwonyesha Kisiki siku ya Jumatatu, na mwalimu mkuu aliielewa, maana alitazama chini.

"Kipande kimoja cha mkate wa pumba, badala ya skonzi," nesi alimwambia kwa upole. "Chai bila vile vijiko vinne vya sukari. Na nyumba yako iko nyuma ya uwanja, mwalimu. Gari la nini?"

Jumamosi asubuhi Kisiki alikunywa uji pamoja na madonge yake, akala kiazi na maharage. Kwenye mizani ya fainali mshale ulipita mia tatu na ishirini kwa robo kilo. Mwamuzi akatikisa kichwa.

"Filimbi!" walipiga kelele wote. "Mifuko!"

Filimbi, kwa huzuni ya mtu anayefiwa, akatoa vipande viwili vya mkate mfukoni kushoto na kiazi kizima mfukoni kulia. Mshale ukarudi kwenye mia tatu na ishirini kamili.

Kisiki akashika mwisho wa kamba. Safari hii aliona kamba moja tu. Timu ya wapinzani ilivuta, ikavuta, ikachoka, na yeye akabaki pale pale alipochimbia visigino. Kisha akaanza kurudi nyuma, hatua, hatua tena, mpaka leso iliyofungwa katikati ya kamba ikavuka mstari. Aliyeshangilia zaidi alikuwa mwalimu mkuu, ambaye alikuwa amekuja kwa miguu na hakuwa na pumzi ya kupigia kelele, hivyo alipunga mikono.

Jumatatu baba alitoa mikate ya rangi ya kahawia, yenye pumba zake zote. Kuku wa jirani walikuwa wamekusanyika mlangoni kulalamika.

"Litazame tanuri hili, mwanangu," alisema baba akimimina uji kwa ule upawa. "Ukilinyima kuni, unga unabaki unga. Ukilijaza kuni kupita kiasi, unatoa makaa. Mwili ni hivyo hivyo. Ulishe vizuri, kwa kiasi, kulingana na kazi yake. Na siku nyingine mkubwa akikuamuru jambo linalokutia kizunguzungu, njoo uniambie mimi kwanza. Fujo nitaifanya kwa adabu."

"Ndiyo, baba."

Akaenda shule na boksi lenye kipande kimoja cha mkate. Mwalimu mkuu alilifungua, akakitazama, akaugeuza mkate upande wa pili kuona kama kuna kingine chini.

"Na... wageni?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nesi amesema wageni waje na chakula chao, mwalimu."

Ubaoni lile tangazo lilikuwa bado lipo, ila karatasi ilikuwa imegeuzwa, kwani wenye ofisi hawatupi tangazo. Upande wa nyuma, kwa herufi zile zile kubwa, palikuwa pameandikwa: VUA VIATU KABLA YA KUPIMWA.