Betri Iliyokataa Kufa

Boneti la gari lilikuwa la moto.

Mama Kidoti aliondoa mkono, akautazama, kisha akaurudisha taratibu kama mtu anayepima homa ya mtoto. Asubuhi ilikuwa bado changa, sakafu ya banda ina ubaridi wa usiku, na gari halijawashwa tangu Jumamosi iliyopita. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi uleule aliotundikia mkasi wake mdogo wa ushonaji. Alijiambia ni bati la banda, limehifadhi joto la jana. Wanadamu tuna huruma sana na mambo tusiyoyaelewa. Tunayatafutia sababu hata kabla hayajatuomba.

Gari lilikuwa la mumewe, fundi wa kuchomelea aliyepata kazi ya mkataba kwenye mgodi wa mbali. Siku ya kuondoka aliegemea mlango wa gari akasema, "Mama Kidoti, nakuachia mke mwenzio. Betri yake ikikaa wiki nyingi bila kazi inakufa. Kila Jumamosi mwashe, angurume kidogo, umzime."

"Na mimi ataniwasha nani?"

Mama mkwe, aliyekuwa barazani, alikohoa na kujifanya anatafuta miwani. Waliagana kwa kicheko.

Mama Kidoti hakujua kuendesha. Kila Jumamosi alikaa kwenye kiti cha dereva kwa ncha ya makalio, akazungusha ufunguo, injini ikishika akashuka, akazunguka, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha abiria. Kile kingine hakikuwa chake. Na pale, injini ikinguruma na kiti cha pembeni kikiwa kitupu, alianza kuongea. Mwanzo yalikuwa mambo madogo: mteja aliyenenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuchukua gauni, jino la Kidoti lililong'oka likamezwa pamoja na mkate. Baadaye akaingia ndani zaidi. Alisimulia siku waliyokutana kwenye foleni ya maji, mtoto wao wa kwanza ambaye hakufika kupewa jina, na maneno aliyonong'onezwa usiku wa harusi. Alikitajia kiti hata lile jina analoitwa na mumewe wakiwa wawili tu. Simu za mgodini zilikuwa za kubahatisha, zinakatika kabla hata salamu hazijaisha. Kiti hakikukatika.

Jumamosi moja, alipozima injini, alizunguka akafungua mlango wa dereva kwa nje, kama alivyozoea kumfungulia mumewe akirudi kazini amechoka. "Haya, baba," akasema, "karibu ndani." Akajicheka mwenyewe, akaenda zake jikoni.

Wiki iliyofuata ndipo alipokuta boneti ni la moto.

Kidoti naye alianza kulala. Alikuwa mtoto wa kurukaruka, binti aliyeitwa hivyo kwa sababu ya doa jeusi juu ya mdomo, na sasa alisinzia na kijiko mkononi. Mikono yake ilikuwa baridi. Nywele zake zilitoa harufu kali, ya kukereketa koo, harufu ya maji ya betri.

"Umecheza wapi, mama?"

"Kwa baba."

"Baba yuko kazini."

"Yuko kwenye gari." Mtoto alipiga mwayo mrefu. "Kasema tusimwambie bibi. Bibi ana kelele."

Mama Kidoti hakumwambia bibi. Alimwambia Waya.

Waya alikuwa fundi umeme wa magari, mwembamba kiasi kwamba watu walisema akisimama nyuma ya spana haonekani. Alifika saa nne na begi lake, akainua boneti, akaweka nyaya za mita juu ya vichwa viwili vya betri, akapiga mluzi.

"Shemeji, nani anakuchajia?"

"Hakuna. Nawasha kila Jumamosi, basi."

"Unaliendesha?"

"Linanguruma kidogo nalizima."

"Basi hapo kaka kakudanganya kwa nia njema. Kuwasha gari kunameza umeme mwingi. Usipoliendesha likaenda mwendo wa kutosha, hurudishi ulichotumia. Kila Jumamosi umekuwa ukiiua betri kidogo kidogo. Bora angekwambia ufungue waya wa hasi uiache ipumzike." Alitazama tena mita yake. "Hii ilitakiwa iwe imekufa zamani. Imejaa, shemeji. Imejaa kama imetoka dukani."

Alichukua spana, akalegeza waya wa hasi, akauchomoa. Kisha akaiweka mita katikati, kati ya waya na betri, apime kama kuna kitu ndani ya gari kinachovuta umeme kimyakimya. Mshale ulitikisika, ukalala upande ambao hakuutarajia. Akageuza nyaya. Akazirudisha. Kicheko kilimtoka bila yeye kukitaka.

"Umeme hautoki kwenye betri," alisema kwa sauti ya chini. "Unaingia."

"Kutoka wapi?"

Kabla hajajibu, mama mkwe alipiga kelele kutoka ndani. "Mama Kidoti! Njoo! Mtoto kaanguka!"

Alimkuta amelala sakafuni karibu na cherehani, macho nusu wazi, pumzi fupifupi kama za ndege aliyeshikwa. Alimwinua, akamweka begani, na kutoka dirishani alimwona Waya amekodolea macho mita yake, mshale ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka. Na Mama Kidoti, aliyetumia miaka yake kuhesabu mishono bila kutazama, alihisi kifua cha mtoto kikiinuka na kushuka juu ya bega lake na akajua, kabla hajataka kujua, kwamba vile viwili vinakwenda pamoja.

"Itoe!" alipiga kelele. "Waya, itoe yote!"

Waya aliikumbatia betri, akaichomoa, akaitua juu ya ubao mbali na gari. Ndipo taa za gari zikawaka. Zote mbili, mchana kweupe, gari likiwa na shimo tupu pale betri ilipokuwa, zikawaka polepole kama macho ya mtu anayeamshwa na jambo lisilompendeza. Kidoti aliguna akazidi kulegea.

Waya aliacha begi lake palepale. "Shemeji, hii si kazi ya spana. Naogopa, sikufichi."

Kwa kumtendea haki, alikimbia kumwita mtu. Aliyekuja naye kabla jua halijazama alikuwa mwanamke mnene mwenye viatu vya kamba, aliyeuza vitabu vya dini na kusomea wagonjwa; mtaa mzima ulimwita Bi Maalimu. Hakuuliza habari za taa. Alimshika mtoto kifundo cha mkono, akaomba kiti, akakaa.

"Nani kamkaribisha?"

Mama mkwe alimtazama mkwewe. Mama Kidoti alitazama sakafu.

"Sikuja kumsema mtu," Bi Maalimu alisema. "Kukosa wa kuongea naye si kosa. Lakini aliyefungua mlango ndiye wa kuufunga. Mimi nitasoma uani. Wewe nenda ukamwambie alivyo na asivyo."

"Peke yangu?"

"Uliongea naye peke yako."

Alikwenda. Alifungua mlango wa abiria akakaa kwenye kiti chake, na harufu ya maji ya betri ilikuwa nzito hata machozi yakamlenga, na nje alisikia kisomo cha Bi Maalimu kikianza, kikipanda, kisha kikisogea mbali ingawa mwanamke yule hakuwa amesogea, kama sauti ya mtu aliye ng'ambo ya maji, mpaka kikabaki kimya tu na mlio mdogo wa ngozi ya kiti cha dereva ikibonyea taratibu, mgongo kwanza, kisha mapaja, kama inavyobonyezwa na mwanamume mzito aliyetoka kazini, na usukani ukajigeuza kidogo huku na huku, kwa mazoea, na hakuthubutu kugeuza shingo.

Sauti iliita lile jina lake. Lile la wawili.

"Nimekukosea nini?" ilisema, sauti ya mumewe kabisa, na uchovu wake wote ukiwamo. "Yeye alikuachia gari. Mimi nilikaa nikakusikiliza."

Mama Kidoti alilia, kwa sababu ilikuwa kweli. Hakuna aliyemsikiliza hivyo mwaka ule wote.

"Ulinisikiliza," alisema. "Ahsante. Lakini unamla mwanangu."

"Kidogo tu. Mwenyewe alinipa mkono."

"Wewe si mume wangu."

"Ninaweza kuwa."

Alihisi baridi ikimgusa goti, pale hasa mkono wa mumewe ulipozoea kutulia wakiwa safarini, na kwa muda ambao hangemwambia mtu yeyote maishani mwake, aliuacha ukae. Kisha akasikia ndani ya nyumba mama mkwe akilia kwa sauti, akiita jina la mjukuu, akiita tena, bila kuitikiwa.

"Si mume wangu," alipiga kelele, "na hapa si kwako! Nilikukaribisha kwa ujinga wangu, nakutoa kwa akili yangu. Toka!"

Kiti kiliinuka. Mlango wa dereva ukafunguka, gari likayumba kama linavyoyumba mtu akishuka, taa zikazimika. Kitu kilipita mbele ya boneti bila haraka. Ndani ya nyumba Kidoti alikohoa, akaomba maji.

Bi Maalimu alikuwa akifunga kamba za viatu Mama Kidoti alipomfikia. "Ametoka, lakini yupo," alisema. "Sauti anayo na nyumba anaijua. Asipokaribishwa haingii. Kwa hiyo usimkaribishe usiyemjua."

"Na ninayemjua?"

Mwanamke yule alikaza kamba, akailegeza, akaikaza tena. "Huyo muulize kwanza jambo mnalolijua nyinyi wawili tu."

Kidoti alirudia kurukaruka. Gari halikuguswa. Simu ya mgodini haikupatikana, wiki moja, kisha nyingine, na mkataba ulikuwa bado haujaisha pale Mama Kidoti aliposikia hodi, adhuhuri, mama mkwe akiwa sokoni.

Mwanamume alisimama nje ya kizingiti na begi begani, amekonda, ana vumbi, ana tabasamu lilelile la mumewe, la upande mmoja. Kidoti alikuja mbio kutoka chumbani, akafika kwenye gauni la mamake, akasimama.

"Wametupunguza kazini," alisema yule mwanamume. "Nimesafiri siku nzima. Mbona mnanitazama hivyo? Hamnikaribishi?"

Mama Kidoti alimshika mtoto mkono. Swali lilimjia, la foleni ya maji. Akalimeza. Likaja la mtoto asiyepewa jina, akalimeza. La usiku wa harusi. La lile jina. Alipekua ndoa yake yote, mwaka kwa mwaka, akitafuta kitu kimoja, hata kidogo, ambacho hakukieleza kile kiti.

Mwanamume alishusha begi chini, mbele ya kizingiti, akangoja.