NYUMBA NILIYOIBOMOA KWA MIKONO YANGU

"Bomoa!"

"Sibomoi!"

"Mwikali, bomoa mwenyewe kwa heshima zako, la sivyo wanangu wataibomoa na wewe ukiwa ndani!"

"Wathubutu! Kiwanja changu, mawe yangu, jasho langu! Hawe, leo umeingiwa na nini?"

"Kiwanja cha nani? Sema tena, watu wasikie!"

Jamani... na watu walikuwa wamejaa! Gede ya wakati ule, ukipiga chafya stendi, wa kisimani anakuambia pole. Wanawake waliacha vyungu motoni. Mwenye baiskeli akaiegemeza kwenye ukuta wangu mpya kana kwamba amekuja harusini.

Aliyekuwa akinipigia kelele hakuwa adui yangu. Laiti angekuwa adui!

Alikuwa Kahonzi, mjane, jirani wa ng'ambo ya njia. Sote tulimwita Hawe, maana Wagiriama ndivyo wanavyomwita nyanya. Nilipomzaa binti yangu Nduku, na mama yangu yuko mbali Ukambani, ni mikono ya huyu bibi iliyonikanda kwa maji moto. Alinipikia uji nikanywa hadi nikasimama.

Leo anapiga ukuta wangu kwa kiganja, machozi yanamtoka.

"Tulikupa pa kulala, Mwikali. Hatukukupa pa kuota mizizi!"

"Tulinunua, Hawe! Musembi alinunua!"

"Alinunua kwa nani?"

"Si kwako?"

Hawe akageuka polepole, akamtazama mume wangu.

"Musembi. Mwambie mkeo."

Na Musembi wangu, mwanaume ninayelala naye kitanda kimoja, akainama anatazama vidole vya miguu yake!

Sasa nyinyi mnaobishana humu mtandaoni kila siku, ati kujenga bado kunalipa ama bora mtu apange, hebu sogeeni. Wekeni chai kando.

Ilikuwa mwaka wa themanini na sita. Musembi alikuwa fundi wa mawe kwenye mahoteli yaliyokuwa yakijengwa Watamu, mimi nauza mahamri na mbaazi pale stendi. Tulipanga chumba kimoja. Chumba gani! Ukigeuka kitandani, jirani wa pili anakohoa. Wapangaji wote choo kimoja. Mwenye nyumba akikuona na kanga mpya, kodi imepanda.

Na mimi mnanijua, napenda watu. Siwezi kunywa chai peke yangu, inanikwama kooni. Ndoto yangu ilikuwa baraza. Baraza pana, jioni watu wakae, tumseme huyu na yule, birika izunguke mpaka ikauke. Chumba cha kupanga utamkaribisha nani? Mgeni akae juu ya sufuria?

Musembi alikuwa akisema, "Kupanga ni kumwaga maji mchangani. Tujenge, mama Nduku. Tujenge tupumzike."

Ikawa kila jioni namkabidhi faida ya mahamri, yote. Siku moja akarudi anacheka.

"Nimezungumza na Hawe. Amekubali. Kiwanja ni chetu."

Mapatano yenyewe, baada ya Hawe kukubali, yalikuwa ya wanaume: yeye, Karisa mtoto wa Hawe, na wazee wawili. Mimi nilikuwa stendi na karai langu la mafuta. Nilimwamini. Ningemwamini nani mwingine?

Turudi pale kwenye ukuta.

Hawe alinieleza mbele ya watu wote, sauti imemkauka.

"Hatukumuuzia. Tulimkaribisha. Ndiyo desturi yetu huku. Mgeni anajenga kwenye shamba la mwenyewe, anatoa kodi ya ardhi kidogo kila mwaka, tunaishi kama ndugu. Lakini anajenga ya fito na udongo, makuti juu! Siku akihama ang'oe mlango wake, ang'oe makuti yake, aende salama. Udongo utanyeshewa, utarudi shamba. Haya mawe, Mwikali... haya mawe yatarudi wapi?"

Karisa akaongeza, ametoa macho, "Na alikubali! Mbele ya wazee alikubali, udongo na makuti!"

"Mimi nilikuwa nangoja siku ya kukandika," Hawe akasema. "Nilishawaambia wanawake wote tutabeba maji, tutakupigia vigelegele. Nimekwenda Ganze kumzika dada yangu, nimekaa matangani, narudi nakuta hoteli!"

Watu wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikumbuka jambo... Hawe alipanda gari la Ganze asubuhi, na jioni ile ile lori la kwanza likamwaga mawe kutoka timboni yanakochimbwa. Musembi na mafundi wenzake walijenga kama wanafukuzwa. Ukuta ukapanda, ukapanda, mpaka ukafika usawa wa lenta, juu ya madirisha. Nami nikawa nawapikia pilau, nafurahi, najisifu stendi!

Nilimvuta Musembi hadi ndani ya kile chumba chetu.

"Umenidanganya?"

"Mbona unapiga kelele?"

"Musembi, umenidanganya?!"

Akakaa kitandani. Akatabasamu. Lile tabasamu sijalisahau hadi leo.

"Sikiliza, mama Nduku. Wapima ardhi wanakuja. Kila mtu Watamu anasema. Wakija hawaulizi nani alimkaribisha nani. Wanaangalia nani ana nyumba ya kudumu. Nyumba ya udongo si kitu kwao. Ya mawe wanaandika jina. Basi, mchezo umekwisha!"

"Jina la nani?"

"Letu."

"Letu ni nani? Taja."

"Langu, basi! Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Na Hawe?"

"Hawe ana shamba kubwa. Hatakufa."

"Musembi, yule mama amenikanda mimi! Amembeba Nduku kabla mamako hajamwona!"

"Ndiyo maana ilifaa," akasema taratibu kabisa, kama anayenieleza bei ya saruji. "Mimi wasingenipa. Ni wewe wanakupenda. Nilimwambia Hawe ni wewe unayetaka kiwanja."

Hapo ndipo nilipovunjika, wenzangu. Pesa zangu, sawa. Uongo, ningeweza hata kuumeza, wangapi wamemeza? Lakini mtu kuchukua upendo ulionilea kwenye nchi ya watu, akaufanya chambo...

Nilitoka nikavuka njia. Hawe alikuwa mlangoni kwake anakuna nazi. Hakuniangalia.

"Shikamoo, Hawe."

Mbuzi ya kukunia ikaendelea kulia, krr, krr, krr.

Kisha akasema, macho kwenye nazi, "Unajua hii nazi nimeinunua?"

"Una minazi, Hawe..."

"Ninayo? Iko wapi? Ile minazi ya kule bondeni aliipanda marehemu mume wangu, Baya. Alikuja mgeni, mtu mzuri, anasalimu vizuri. Baya akamkaribisha. Akajenga ya mawe, Baya akasema, mwache, ni rafiki. Wapima walipokuja, mgeni akaandikwa, na bonde lote na minazi yote. Baya alikuwa akipita pale akiona watu wakiangua nazi zake, anarudi nyumbani hali chakula. Hakumaliza mwaka." Akaikung'uta mbuzi. "Leo nazi za mume wangu nazinunua. Haya, nenda kwenye nyumba yako."

Ningemwambia nini? Kwamba sikujua? Nani angeamini? Mke wa fundi hajui!

Mimi nilikuwa na nyumba, wapendwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu! Kuta nne za mawe ya kuchonga, madirisha mawili yanayotazama njia ili nione kila anayepita. Ningenyamaza tu, wapima waje, ningekuwa na baraza langu. Wangapi wamenyamaza wakapata? Waulizeni hao wenye magorofa.

Asubuhi stendi walisubiri mahamri hawakuyaona.

Nilikuwa juu ya ukuta. Nduku mgongoni, nyundo ya Musembi mkononi.

Jiwe la kwanza lilikataa. Saruji ilikuwa imeshika sawasawa, kazi ya fundi wangu hiyo! Nikapiga, nikapiga. Likapasuka vipande, likaanguka chini. Huo ndio uchungu wa mawe: hayang'oki. Makuti ungeyakunja ukaondoka nayo. Jiwe lililojengewa linatoka likiwa kifusi.

"Amerukwa na akili!" mtu akasema.

"Si jana alikuwa anasema hathubutu mtu?"

Musembi akaja mbio, shati mkononi.

"Mwikali! Shuka! Unabomoa jasho letu!"

"Jasho langu. Lako silijui liliko."

"Shuka nakwambia! Ukiangusha jiwe lingine, mimi na wewe basi! Mbele ya watu hawa nasema, basi!"

Nilimtazama. Alikuwa mzuri, Musembi, haki ya Mungu. Nilimpenda tangu nabeba kuni Ukambani. Nilijua hatanii. Nilijua nikishuka pale tutalala kitanda kimoja, na nisiposhuka nitalala peke yangu labda miaka yote iliyobaki.

Nikainua nyundo.

Alichukua begi lake kabla jua halijapanda sana. Niliona mgongo wake ukiingia kwenye gari la Mombasa, kutoka juu ya ukuta, na nikaendelea kupiga, machozi na vumbi la chokaa vimenishika usoni kama kinyago. Hakurudi. Nilisikia baadaye ameoa Mtwapa. Anapanga.

Karisa alifika na vijana wake, mitaimbo begani, wamekuja kubomoa kwa hasira. Wakanikuta. Wakasimama wameduwaa.

"Shemeji... kumbe hukujua?"

Akamtoa Nduku mgongoni mwangu, akampa dadake aliyekuwa pale, akapanda upande wa pili. Tukabomoa pamoja.

Na sasa lile mnalolingoja. Wapima ardhi hawakuja mwaka ule. Wala uliofuata! Ulikuwa uvumi wa Watamu tu. Nyumba yangu ingesimama miaka mingi bila kuandikwa jina la mtu, na labda Musembi angezeeka ndani yake. Nimelia kwa ajili ya hilo pia, sitawaficha. Wengine wataandika hapo chini kwamba nilikuwa mjinga. Andikeni.

Mnaniuliza kujenga kunalipa? Nimepanga vyumba vingi tangu hapo, nimekaa na wenye nyumba wa kila aina, na usiku bado naota lile baraza ambalo hata halikumiminwa zege. Siwaambii msijenge. Jengeni! Lakini mbona mnaanza na bei ya saruji? Anza na udongo. Nenda mwenyewe, kwa miguu yako, usitumiwe habari na mumeo wala mkeo wala dalali. Kaa na mwenye udongo, muulize amekupa nini na amekunyima nini, usikie kwa masikio yako. Na nyumba ikisimama kwa kumlaza mwingine nje, hata ikupe kodi ya dhahabu, hiyo ni hasara. Faida yake utaila wapi? Na nani?

Siku ile ilipofika alasiri, pale palikuwa pamebaki msingi na kifusi. Watu walishatawanyika, habari ilishafika Malindi. Nilikaa chini juu ya mawe yaliyovunjika, viganja vimechubuka, sina mume, sina nyumba, kile chumba kodi yake inaisha.

Ng'ambo ya njia Hawe alikuwa mlangoni kwake tangu asubuhi. Hakunizuia, hakunishukuru. Alikuwa anatazama tu.

Akaingia ndani. Nikasema, haya, hata yeye amenifungia.

Akatoka na kata ya maji na Nduku kiunoni, mtoto midomo imejaa mchuzi wa nazi. Akavuka njia kwa ule mwendo wake wa magoti mabovu, akanimiminia maji mikononi pole pole, sehemu zenye damu akazipapasa kwa kidole gumba.

"Mwanangu," akasema, "sima inapoa. Ingia ndani ule."