Kamba Iliyokuwa Inasalimia

Kila asubuhi, kabla ya kupiga deki na kabla ya kuwasha jiko, Mama Kasuku alitoka uani kumsalimia marehemu mumewe.

Uani kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo. Haikuwa kamba hasa. Ulikuwa waya mnene wa chuma. Ncha moja ilifungwa kwenye mti. Ncha nyingine ilifungwa kwenye bomba la chuma lililoshikilia paa la bati la kibanda chake cha kushonea. Chini ya waya huo ndipo mumewe alipoanguka, msimu wa mvua uliopita. Mvua ilianza ghafla, akatoka mbio kuanua nguo. Walimkuta kifudifudi kwenye tope, shati lake la kijani mkononi.

"Ni moyo," watu walisema. "Moyo umesimama."

Akazikwa. Mvua ikakata mapema mwaka ule, ardhi ikakauka.

Wiki moja baada ya maziko, Mama Kasuku alikuwa anaanika shuka. Aliweka kiganja juu ya waya, na waya ukamshika.

Haukumshika kwa nguvu. Ilikuwa kama mtu anamtekenya vidole, taratibu, kutoka ndani ya chuma. Aliurudisha mkono. Akatazama huku na huku. Uani hapakuwa na mtu. Akagusa tena. Mtetemo ukaja tena, pale pale.

"Ni wewe?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Siku tatu hakumwambia mtu. Siku ya nne alimkuta mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, amesimama uani kaushika waya ule ule. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na huku anacheka.

"Mwanangu huyu!" Bibi alisema. "Alipokuwa hai, salamu mpaka umlazimishe. Sasa hachoki!"

Tangu hapo ikawa siri ya nyumba. Bibi ndiye aliyeanzisha kuvua ndala. "Mtu haendi kumsalimia marehemu na ndala za chooni," alisema. Wakavua. Na kweli, walipovua, marehemu aliwashika vizuri zaidi. Umeme ulipokatika, waya haukusalimia kabisa. Hilo nalo Bibi alikuwa na jibu lake. "Naye si anapumzika? Mnataka asimame hapo mchana kutwa?"

Kasuku ndiye aliyekatazwa. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukufunga tangu alipojua neno la kwanza. "Utamsalimia baba yako ukitimiza miaka saba," Bibi alimwambia.

"Bibi, mkono wa baba ni wa baridi?"

"Una maswali kama polisi, wewe."

"Akinishika nitamwambia jino langu la mbele limeng'oka. Hajui bado."

"Mwambie. Lakini ukitimiza saba."

*

Umeme wa kijiji kile ulikuwa wa ushirika. Wanakijiji wenyewe walijiunga, wakachimba mashimo ya nguzo kwa mikono yao. Marehemu alichimba matatu. Kila msimu, kabla ya mvua, fundi wa ushirika alikuja kwenye ukumbi wa shule kufundisha wanachama. Mara hii alikuja mwanamke mrefu mwenye viatu vizito vya mpira. Watoto walimtazama miguu tu, na kabla hajafungua mkoba walishamwita Dada Buti.

Dada Buti aliweka mezani kinyumba cha mbao chenye paa la bati. Mbele yake aliweka sahani ya mchanga mkavu. Akaunganisha bati na ncha moja ya betri, na mchanga na ncha ya pili. Kisha akatoa balbu ndogo yenye nyaya mbili.

"Balbu hii ni mtu," alisema. "Mkono wake huu hapa, mguu wake huu hapa."

Waya mmoja aliugusisha kwenye bati, wa pili akauchomeka mchangani. Balbu haikuwaka. Akamimina maji na chumvi kidogo kwenye mchanga. Balbu ikawaka.

Waliokaa nyuma walisimama ili waone.

"Umeme hutafuta njia ya kwenda ardhini," Dada Buti alisema. "Usipoupa njia, utamtumia mtu. Kwa hiyo nisikilizeni. Bati likikutekenya, bomba likikutekenya, kamba ya nguo ikikutekenya, usiguse tena. Zima swichi kuu, utuite. Kukagua ni bure. Na ukimkuta mtu amenaswa, usimshike. Utanaswa naye. Kimbilia swichi kuu uzime kwanza. Najua moyo utakutuma umshike. Usiusikilize."

Akawatazama. "Nani nyumbani kwake kuna kitu kinachomtekenya?"

"Mke wangu!" mwanamume mmoja aliita kutoka nyuma.

Watu wakaangua kicheko. Dada Buti naye akacheka. "Huyo hayumo kwenye mita yetu. Mwingine?"

Mama Kasuku alikuwa amekaa mstari wa pili. Mikono yake ilikuwa mapajani. Akaanza kuinua mmoja. Bibi akamfinya paja.

"Nyamaza," Bibi alimnong'oneza. "Unataka waje wamwondoe?"

Mama Kasuku akaushusha mkono.

*

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha. Asubuhi, kuku mmoja alikuwa amekufa chini ya bomba la kibanda. Hakuwa na jeraha. Miguu yake ilikuwa imenyooka mbele, mikakamavu, kama anasukuma kitu.

"Ni ugonjwa wa mdondo," Bibi alisema, akamtupa.

Mama Kasuku alibaki uani, ndala zake miguuni. Matone ya maji yalijipanga juu ya waya, yakitetemeka. Upepo ulipopiga bati alisikia mlio mdogo, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Upepo ulipotulia, mlio ukatulia. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, hakuugusa waya. Alihisi kama mtu anayemtazama amebadilika sura.

"Leo hakuna kwenda uani," aliwaambia waliokuwa ndani. Kisha akaingia chumbani kupima kitambaa.

Alipima, akakata, akapima tena. Redio ya sebuleni ilikuwa inasoma habari. Halafu aligundua kitu. Hakuwa amemsikia Kasuku kwa dakika nzima.

Siku hiyo Kasuku alikuwa ametimiza miaka saba.

Alitupa mkasi, akatoka. Kwenye ngazi ya mlango wa nyuma alikuta ndala mbili ndogo, zimepangwa vizuri, moja kando ya nyingine.

Kasuku alikuwa amesimama kwenye tope, peku. Waya ulikuwa juu mno kwake, akawa ameshika bomba la kibanda kwa mikono miwili. Mwili wake ulikuwa unatetemeka. Macho yalikuwa wazi. Mdomo nao ulikuwa wazi, pengo la jino likionekana, na haukutoa neno.

Bibi alikuwa anamwendea, mikono mbele. "Mjukuu wangu! Mwanangu, mwachie mtoto!"

"Usimguse!" Mama Kasuku alipiga kelele. Alikuwa hajawahi kumpazia mama mkwe wake sauti. "Mama, usimguse! Utanaswa!"

Bibi akasimama.

Kila kitu ndani ya Mama Kasuku kilimwambia arukie pale, amkumbatie mtoto, amvute. Badala yake alimpa mtoto wake kisogo. Akakimbilia ndani. Hatua saba kutoka mlangoni hadi ukutani, na kila hatua ilikuwa inamwacha Kasuku nyuma. Swichi kuu ilikuwa juu ya kalenda. Akaishusha.

Redio ilikatika katikati ya neno.

Huko nje kitu kikaanguka kwenye tope.

Alipofika, Kasuku alikuwa anapumua. Viganja vyake vilikuwa na alama mbili nyeusi. Walimbeba hadi zahanati huku wanakimbia kwa zamu. Daktari alimlaza hadi kesho yake ili amwangalie moyo. "Hata mtu akionekana mzima, mleteni," alisema. "Umeme unaweza kuuvuruga moyo, na usijue mpaka baadaye."

Jioni Kasuku alipata sauti. Ilikuwa ndogo.

"Mama."

"Nipo, mwanangu."

"Baba alinishika, halafu akakataa kuniachia."

Mama Kasuku alifunika uso wake kwa shuka la mtoto.

*

Dada Buti aliitwa, akafika kesho yake asubuhi, Kasuku akiwa bado zahanati na muuguzi. Aliwapanga Bibi na Mama Kasuku mlangoni, mbali na uani, ndipo akawasha swichi kuu. Alivaa glavu nene. Akatoa testa, akaigusisha kwenye waya wa kuanikia. Taa ndogo ndani ya testa ikawaka, nyekundu. Akaigusisha kwenye bomba. Ikawaka. Kwenye bati. Ikawaka.

Alizima umeme tena, akapanda ngazi. Alikaa juu muda mrefu. Aliposhuka alikuwa ameshika kipande cha waya mweupe.

"Nani aliyevuta umeme kutoka nyumbani kwenda kibandani?"

"Mume wangu," Mama Kasuku alisema. "Alitaka nishone kwa mashine ya umeme. Alisema miguu yangu imechoka kukanyaga. Alivuta mwenyewe siku ya mapumziko. Alifurahi mno."

"Anaonekana alikuwa na mkono mzuri. Kazi ni safi." Dada Buti aligeuza kile kipande. "Lakini aliupitisha chini ya ukingo wa bati. Bati ni kisu, mama. Kila upepo ukivuma linakata kidogo. Tazama, ngozi ya waya imekwisha, shaba iko nje. Shaba ikigusa bati, umeme unaingia kwenye bati, kwenye bomba, kwenye kamba. Na nyumba hii haina waya wa kuupeleka ardhini. Kwa hiyo unakaa hapo, unangoja mtu."

"Mwaka mzima tunagusa," Bibi alisema. "Mbona hatukufa?"

"Ardhi ilikuwa kavu, bibi. Ardhi kavu ni mlango uliofungwa nusu. Na mlikuwa na ndala za mpira, si ndiyo?"

Wanawake wale wawili walitazamana.

"Tulikuwa tunavua," Mama Kasuku alisema. "Kwa heshima."

Dada Buti hakuelewa. Wakamweleza yote: salamu za asubuhi, siku za umeme kukatika, kila kitu. Hakucheka. Aliposikia neno marehemu, alivua kofia.

"Alifariki wapi?"

Mama Kasuku aliinua kidole, akaonyesha.

Dada Buti alitazama chini. Viatu vyake vizito vilikuwa vimekanyaga pale pale. Akasogea, polepole, kama mtu aliyekanyaga mkeka wa watu.

"Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha?"

"Ndiyo kwanza ilikuwa imeanza."

"Alikuwa na viatu?"

"Alitoka mbio. Peku."

Fundi aliirudisha testa mkobani. "Mimi si daktari, mama," alisema mwishowe. "Siwezi kusema."

Bibi akakaa chini kwenye ngazi, pale zilipokuwa zimepangwa ndala za mjukuu wake. "Kumbe nilikuwa namshika mkono muuaji," alisema. "Mwaka mzima. Na nikamfundisha mtoto adabu ya kumwendea."

"Mimi nilikusikia ukumbini," Mama Kasuku alimwambia Dada Buti. "Ulituuliza. Nilikaa kimya."

"Kwa nini?"

"Nilidhani mtamchukua."

Dada Buti alikitia mfukoni kile kipande cha waya. "Sisi tunachukua waya tu, mama," alisema. "Waya tu."

*

Kazi ilichukua siku mbili. Mafundi wa ushirika walichimba mfereji kutoka nyumbani hadi kibandani, wakalaza waya mpya ndani ya bomba la plastiki, chini ya udongo. Nje ya ukuta walipiga fimbo ndefu ya shaba hadi ikazama ardhini, wakaiunganisha na nyumba kwa waya wa kijani na njano. Kando ya swichi kuu waliweka kifaa kidogo kinachokata umeme chenyewe mara tu unapotoroka njia yake. Ule waya wa kuanikia waliukunja, wakaupakia kwenye gari.

Kasuku alirudi na bandeji viganjani, na maswali mapya. Aliwauliza mafundi mpaka mmoja akaomba maji ya kunywa ili apumzike.

Mwezi uliofuata ushirika uliomba kila mtaa utoe mtu mmoja wa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za usalama. Mama Kasuku alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Hakuuliza kama wengine walivyouliza. Alikaa kwanza, akapokea maji, akasubiri watoto watoke. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Hapa kwenu, kuna kitu kinachowasalimia?"

Wengi walicheka. Lakini katika nyumba ya mwisho mzee mmoja aliyefiwa na mkewe hakucheka. Alitazama bomba lake la maji kwa muda mrefu.

"Nilidhani ni mimi tu," alisema.

"Vaa viatu, baba," Mama Kasuku alimwambia. "Twende tukazime kwanza. Mengine utaniambia baadaye. Nitakusikiliza yote."

Asubuhi moja, baada ya mvua kupita, alilitoa lile shati la kijani kabatini. Halikuwa limefuliwa tangu siku ile. Tope lilikuwa limekaukia kwenye kola. Alilifua kwa mkono, taratibu. Akalianika kwenye kamba mpya ya katani, iliyofungwa kati ya miti miwili, mbali na bati.

Aliweka kiganja juu ya kamba. Akangoja. Ilikuwa kamba tu, yenye unyevu kidogo.

"Umeamkaje?" alisema, kwa mdomo.

Hakujibiwa. Alisimama hapo mpaka machozi, aliyokuwa hajayatoa mwaka mzima, yakaisha. Upepo ukavuma. Mkono wa shati ukainuka, ukamgusa begani, ukashuka.

Mama Kasuku alitazama miguu yake. Ndala zilikuwapo. Akaenda kuwasha mashine.