Barua Iliyosomwa Nusu

Esteri hakuhitaji saa wala kalenda kujua mihogo yake imefikia wapi. Alizamisha mkono majini, akauminya muhogo mmoja, basi. Siku ya kwanza muhogo ni mgumu. Siku ya nne unabonyea kwa kidole, na ule uzi wa katikati unatoka wenyewe. Hapo aliitoa, akaianika juani, akaitwanga, akachekecha unga mweupe.

Kazi hiyo ya kuloweka mihogo mpaka ilainike yenyewe huitwa kuvundika. Katika kijiji cha Kinyamuka, upande wa Makere, wanawake wote walivundika kwenye kijito. Kila familia ilikuwa na kidimbwi chake kilichozungushiwa mawe. Kidimbwi cha Esteri kilikuwa cha mama mkwe wake. Mihogo yao ni ile michungu. Ile mitamu ilikwisha zamani, nusu ikaliwa na nguruwe pori na nusu ikafa kwa ugonjwa wa batobato.

Esteri aliishi na mumewe Mpawenimana na binti yao Vestina, mwenye miaka saba. Wazazi wa Mpawenimana walitoka Burundi zamani. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, na cheti chake cha uraia alikifunga kwenye nailoni ndani ya sanduku. Siku za kawaida alikuwa jirani kama majirani wengine. Ila kijijini kukitokea jambo baya, watu walikumbuka ghafla kwamba yeye ni Mrundi.

Mvua zilipoanza, jambo baya likatokea. Adelina, mke wa jirani yao Sylvesta, aliamka alfajiri anaharisha maji matupu. Jua lilipofika utosini hakuweza kusimama. Sylvesta alimpakia kwenye baiskeli, akaisukuma peke yake kuelekea kituo cha afya. Adelina alifia njiani. Jina la ugonjwa lilifika jioni: kipindupindu.

Wiki hiyo wakafa wengine wawili. Mtendaji wa kijiji, Bwana Ridhiwani, akaitisha mkutano. Alisimama na barua mkononi.

"Gulio limefungwa," alisema. "Ngoma hakuna. Mikusanyiko hakuna. Na kuvundika mihogo ni marufuku. Mgambo watapita nyumba kwa nyumba. Atakayekutwa anavundika atajieleza mbele ya sheria."

Watu wakaguna. Esteri akanyoosha mkono.

"Mtendaji, gulio umefunga, kuvundika umekataza. Sasa tutakula nini?"

"Mama Vestina, mimi nimepewa barua. Sikupewa maswali."

Wengine walicheka. Mpawenimana hakucheka. Walipokuwa wanarudi nyumbani alisema, "Hawa wanaogopa wakubwa wao, hawaogopi ugonjwa. Choo cha ofisi ya mtendaji hakina hata mlango. Mimi naona hiki kipindupindu ni cha kwenye redio tu."

"Na Adelina je?" Esteri aliuliza.

Mpawenimana alitangulia mbele.

Kesho yake alikuja Shadia, mhudumu wa afya wa kijiji. Shadia ni mtoto wa mwenye duka mjini Kasulu, aliyeolewa Kinyamuka. Alikuwa anagawa vidonge vya kutibu maji.

"Mwakeye, Baba Vestina," aliamkia kwa Kiha. "Kidonge kimoja kwenye ndoo ya maji. Unasubiri nusu saa, ndipo mnakunywa. Kama hamna kidonge, chemsheni maji mpaka yatokote."

Mpawenimana alivigeuza vidonge kiganjani. "Dada Shadia, kitu cha bure kinanitia wasiwasi. Wanasema hivi vinaua uzazi. Na mbona kijito chenyewe hamkitengenezi? Mnatufungia gulio, lakini maji tunayokunywa ni yale yale ya siku zote."

"Hapo kwenye kijito umesema kweli," alijibu Shadia. "Hata mimi nimeuliza, bado sijajibiwa. Kuhusu uzazi, mimi mwenyewe natumia vidonge hivi, na unaniona nina mimba. Endelea kuuliza, Baba Vestina. Ila chemsha maji huku ukiuliza."

Alipoondoka, Mpawenimana alivichomeka vidonge juu ya mlango. Vikakaa huko.

Baada ya siku tisa unga wa Esteri ulikwisha. Gulio lilikuwa limefungwa, na duka la kijiji halikuwa na unga wa mahindi. Shambani mihogo ilikuwepo, tena mingi. Esteri aling'oa, akamenya, akaitia kwenye ndoo na maji, akaificha nyuma ya kihenge. Asubuhi akasikia mgambo wanabisha nyumba ya tatu. Akaitoa mihogo ikiwa bado migumu, akaikatakata vipande vyembamba, akavianika.

"Imelala majini usiku mmoja tu," alimwambia mumewe. "Bado ina ukali."

"Jua litaumaliza," alisema Mpawenimana.

Wote wawili walijua kwamba jua peke yake halimalizi ukali ule. Walijifunza hivyo kwa wazazi wao tangu utotoni. Lakini njaa ikikaa ndani ya nyumba, hata mtu mwenye akili hujidanganya. Siku ya pili Esteri alitwanga. Unga ulinuka ubichi. Alionja kidogo kwa ncha ya ulimi, akatema. Kisha akamtazama Vestina, ambaye tangu jana alikuwa amekula maboga tu. Akabandika maji ya ugali.

Walikula mchana. Esteri alikula matonge mawili, akamwachia mtoto.

Saa moja baadaye Vestina alisema, "Mama, kichwa kinazunguka." Akatapika. Hajamaliza, baba yake naye akakimbilia nyuma ya nyumba. Mtoto alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Alianza kuhema haraka haraka, kama aliyepanda mlima.

Majirani walisikia sauti za kutapika. Hakuna aliyekuja kuuliza. Maneno ndiyo yaliyotembea, na yalimfikia mtendaji kabla ya Esteri kumaliza kumpangusa mtoto. "Kipindupindu kimeingia kwa Warundi. Si nilisema wao ndio wanaokileta, wanavuka kila siku kule mpakani Manyovu." Mpawenimana hajawahi kuvuka Manyovu maishani mwake.

Bwana Ridhiwani alifika na kamba na kitambaa chekundu. Akaifunga kamba kukatisha njia ya kuingia kwa Esteri.

"Hakuna kuingia, hakuna kutoka," alisema kwa mbali, shati likiwa limefunika pua. "Nimepiga simu. Gari la wagonjwa litakuja."

"Litakuja saa ngapi?" Esteri aliuliza akiwa amempakata mtoto.

"Liko kata nyingine. Labda kesho."

"Mtendaji, mwanangu hafiki kesho."

Bwana Ridhiwani alitazama chini. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, na alidhani kamba ile inasaidia. Mwendesha bodaboda alipita, Esteri akampungia mkono. Akaongeza mwendo.

Ndipo Shadia akafika anakimbia, mkono mmoja kashika tumbo lake. Aliinua kamba akapita chini yake.

"Dada Shadia, hiyo ni amri," alisema mtendaji.

"Amri ya kumzuia mgonjwa asitibiwe umeipata wapi?" Shadia alijibu bila kugeuka. Alipiga magoti karibu na mtoto. "Mama Vestina, ameharisha?"

"Hapana. Anatapika tu. Kichwa kinamuuma, miguu haina nguvu."

"Wameanza lini, yeye na baba yake?"

"Kwa pamoja. Baada ya kula."

"Mlikula nini?"

Esteri alitazama nje ya kamba. Watu zaidi ya ishirini walikuwa nyuma ya kamba, na mgambo wawili kati yao. Akisema, atakamatwa. Asiposema, mtoto anaendelea kuhema vile. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Esteri aliijua methali hiyo, ila hakuwahi kudhani ni yeye anayesemwa.

"Nilivundika," alisema. Machozi yakamtoka. "Nilivundika usiku mmoja, nikaogopa mgambo, nikaitoa. Nimemlisha mwanangu mihogo yenye ukali. Mnikamate, lakini mtoto atibiwe."

Shadia aliuchukua unga uliobaki, akaunusa. Akasimama.

"Hiki si kipindupindu," aliwaambia watu. "Ni sumu ya muhogo mchungu. Muhogo usipolowekwa siku za kutosha, sumu inabaki, na jua peke yake haliiondoi. Mtoto anatakiwa kituo cha afya sasa hivi. Nani ana chombo?"

Baiskeli zilikuwepo sita. Watu walizitazama kama si zao.

Sylvesta akatoka nyuma. Tangu kumzika mkewe alikuwa hasemi na mtu. Aliisukuma baiskeli yake mpaka kwenye kamba, akatoa panga, akaikata.

"Mzee, una hakika?" mtu mmoja alimwuliza. "Kama ni kipindupindu kweli je?"

"Hata kama," alisema Sylvesta. "Adelina nilimsukuma peke yangu. Nilipita njia hii hii, nikaita. Mlifunga milango."

Mpawenimana, aliyekuwa amekaa chini ameegemea ukuta, aliinamisha kichwa. Siku ile alisikia akiitwa. Yeye naye alifunga mlango.

"Kipindupindu hakimrukii mtu kama kiroboto," alisema Shadia wakati wanampandisha mtoto. "Kinapita mdomoni. Kwa maji machafu, kwa chakula, kwa mikono yenye kinyesi. Mgonjwa unamshika, unamsaidia, unampa maji ya chumvi na sukari ya kurudisha nguvu njia nzima, kisha unanawa kwa sabuni. Adelina tungeweza kumbeba."

Sylvesta alisukuma, Esteri akamshikilia mtoto kwa nyuma. Yule mwendesha bodaboda, labda kwa aibu, alirudi kumchukua Mpawenimana.

Kituoni Vestina aliwekewa oksijeni na dripu. Esteri alikaa sakafuni, mkono wake kwenye mguu wa mtoto, akihesabu kila pumzi. Jua lilipokaribia kuzama pumzi zikapungua kasi. Vestina akafumbua macho, akaomba maji.

"Mngechelewa saa moja zaidi," alisema tabibu, "ningekuwa nawaambia maneno mengine."

Walirudi nyumbani siku ya tatu. Shadia alikwenda ofisini kwa mtendaji, akaomba ile barua. Bwana Ridhiwani aliitoa mfukoni. Mkutano ukaitwa tena, watu wakakaa mbali mbali, na Shadia akaisoma kwa sauti, neno kwa neno.

Barua haikukataza kuvundika mihogo. Ilikataza kuvundika kwenye vyanzo vya maji. Kisha iliendelea: wananchi waelekezwe kuvundika nyumbani, kwenye mapipa au ndoo kubwa, siku tatu hadi nne mpaka mihogo ilainike, na maji yake yamwagwe kwenye shimo mbali na kisima. Hayo yote yaliandikwa ukurasa wa pili.

Watu walimgeukia mtendaji.

"Niliona ni ndefu," alisema polepole. "Watu walikuwa wanakufa. Nikachukua kilicho juu. Mama Vestina, uliniuliza tutakula nini, na jibu lilikuwa mkononi mwangu. Nisamehe."

Mimi ninayesimulia haya nimezunguka vijiji vingi na nimewaona watendaji kama yeye. Wengi hawasemi hata hilo la nisamehe.

Mpawenimana akasimama, bado anatetemeka kidogo. "Mimi nilikuwa na kosa langu. Nilimwona mtendaji hatuambii yote, nikasema basi na ugonjwa ni uongo. Vidonge vya maji viko juu ya mlango wangu mpaka leo. Na siku ya Adelina..." Akamtazama Sylvesta. "Ndugu yangu, nilikusikia ukiita."

Sylvesta aliitikia kwa kichwa. Hakusema amesamehe.

"Na gulio je?" mwanamke mmoja aliuliza. "Kulifunga kunasaidia?"

"Sijui," alisema Shadia. "Nitauliza, na nitaleta jibu hapa hapa. Ninalojua ni kwamba gulio halina choo kizuri wala maji ya kunawa. Tukianzia hapo, hatutakosea."

Wakaanzia hapo. Wanaume walichimba choo cha gulio, na mtendaji akaweka mlango kwenye choo cha ofisi. Vidimbwi vya kijitoni vilibomolewa. Kila nyumba ikatundika kibuyu chirizi karibu na choo, kidumu kidogo chenye tundu, maji yatiririke na sabuni iwe pembeni. Maji ya kunywa yalichemshwa au kutiwa kidonge. Mpaka mvua zinakwisha, hakufa mtu mwingine Kinyamuka kwa kipindupindu.

Esteri hakuwa na pipa. Asubuhi moja alilikuta moja mlangoni, la bluu, limesuguliwa. Alilijua. Adelina alikuwa akikingia maji ya mvua humo. Esteri alilijaza maji, akatia mihogo, akaliweka mbele ya nyumba, mahali ambapo kila mpita njia analiona.

Siku ya nne alizamisha mkono, muhogo ukabonyea. Alianika, akatwanga, akasonga ugali, akapika na maharage. Akafunika bakuli moja, akamtuma Vestina alipeleke kwa Sylvesta.

Sylvesta alinawa kwa sabuni, akakaa kizingitini. Alilitazama bakuli kwa muda kabla ya kulifunua. Tangu mazishi ya mkewe, ilikuwa mara ya kwanza mtu kumletea chakula nyumbani kwake.