Chujio la Sauti Moja

Kipande kile cha programu Mama Kibonge alikifuta asubuhi, akaenda zake kunywa chai. Aliporudi alikikuta kimerejea mahali pake, kimekaa kama mgeni aliyeshaagwa akajifanya hakusikia.

"Nani amekirudisha?" aliuliza.

"Labda hukukifuta," alimjibu mwenzake wa meza ya pili, mwanamke mwenye ulimi wa upupu. "Tangu ujifungue, shoga, akili umeisahau leba."

Mama Kibonge aliigeukia kompyuta yake. Wiki ile alipewa kazi ya kufagia: aikague programu yao ya simu, atafute maktaba zilizopitwa na wakati. Mafundi wale wakisema maktaba hawana habari na vitabu. Wanakusudia vile vipande vya kazi ya mtu mwingine ambavyo fundi huviazima ili asianze upya, na kipande kikichakaa, wezi hupenyea humo humo. Duka linalogawa programu lilikwisha kuonya: vya zamani vitoke, au programu itolewe. Bosi naye alikwisha kusema, macho yamemkazia yeye, kwamba programu ikitolewa kuna mtu atatoka nayo.

Programu yenyewe ilikuwa ya wazazi. Simu moja unaiacha karibu na kitanda cha mtoto, nyingine unatembea nayo, na popote ulipo unamsikia mwanao akipumua. Mama Kibonge mwenyewe aliitumia, kwa kuwa Kibonge wake alishinda nyumbani na mama mkwe, mwanamke asiyependa kuchunguzwa.

"Husikilizi mtoto wewe," alizoea kumwambia. "Unanisikiliza mimi."

Na hapo, tuseme kweli, bibi yule hakukosea sana.

Mama Kibonge akakifungua kile kipande akisome ndani. Kumbe ni chujio la kelele. Lakini programu ilikuwa na chujio jingine, jipya, la kuondoa feni na magari na mbwa wa jirani. Hili la zamani halikuwa na habari na mbwa. Lilikata sauti moja tu, nyembamba, kama ya binadamu, popote itakapotokea, katika nyumba yoyote ile. Aliyeliandika aliondoka kabla bosi hajainunua kampuni, na hakuna aliyeikumbuka hata sura yake.

"Bosi, hili linazuia kitu. Nipe muda nijue ni nini."

"Nilikuajiri ufute au upige ramli?"

Kicheko kikapita meza hadi meza. Basi akalifuta tena, safari hii kila pahali lilipotajwa, akaunda toleo la majaribio, akalitia kwenye simu yake. Jua lilikuwa utosini, wenzake wametoka kwenda kula, viti vitupu vimemzunguka. Akachomeka waya za masikioni.

Akamsikia Kibonge anapumua. Akamsikia mama mkwe mbali huko jikoni, anagombana na sufuria. Na hapo katikati, karibu kabisa na kitanda, akamsikia mwanamke anaimba.

Ulikuwa wimbo wa kubembeleza, taratibu, ila kila mtoto alipovuta pumzi yule mwanamke naye alivuta, na kila alipoitoa yeye hakuitoa, akawa anavuta tu na kuimba, anavuta na kuimba, mpaka Mama Kibonge naye akajikuta amebana pumzi, na mle ofisini, ambamo hamkuwa na mtu wala moto, ikazuka harufu ya nywele zinazoungua.

Akanyakua simu ya mezani.

"Shikamoo mama. Nani yuko chumbani na mtoto?"

"Marahaba. Hakuna mtu. Mlango nimeufunga asiamke. Umeanza tena upelelezi wako?"

"Mama, kuna mtu anaimba."

Sufuria zikanyamaza. Mama mkwe aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayechelea kusikiwa ndani ya nyumba yake.

"Usiseme naye. Unanisikia, mwanangu? Ukimsikia usiyemwona, usimwitikie. Naingia mimi."

Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama Kibonge alikwisha kubonyeza kitufe cha kupeleka sauti chumbani.

"Nani wewe? Ondoka kwa mwanangu!"

Wimbo ukakatika. Kisha sauti ikaja, haikutoka tena kitandani, ilikuwa ndani ya sikio lake, baridi, yenye furaha:

"Watoto wote hawa nimewaimbia, mama zao kimya. Wewe umeniitikia."

Mama mkwe aliposukuma mlango alimkuta Kibonge ameketi wima, yeye ambaye hata shingo ilikuwa haijakaza, anaitazama simu, anatabasamu kwa upande mmoja.

Mganga aliletwa jioni ile ile. Alifukiza, akasoma, akamkaripia asiyeonekana kwa maneno ambayo watu wazima hawayarudii, na mtoto akalia kwa sauti nyembamba ya mwanamke mzima mpaka vioo vya dirisha vikatetema, kisha akatapika maji meusi, akalala. Harufu ikaisha.

"Ametoka," alisema mganga, ananawa mikono. Mama mkwe akamkumbatia mkwewe, wakalia pamoja, jambo ambalo halijapata kutokea nyumba ile.

Kesho yake Mama Kibonge aliitoa simuni programu ya majaribio, akarudisha ile ya zamani na chujio lake. Hakutaka tena kusikia mambo ya wasio watu. Bosi alipouliza kazi imefika wapi, alimjibu, "Kalifute mwenyewe," akachomeka waya zake.

Mama mkwe alisikika vizuri, anaongea, anacheka.

"Mama," akasema kwa kile kitufe, "mbona Kibonge simsikii? Amelala?"

"Alale wapi! Nimempakata hapa, mdomo wake u kwenye simu. Anapiga kelele kwa kicheko, masikio yataniziba. Humsikii?"

Mama Kibonge akaongeza sauti mpaka mwisho. Akasikia feni ikikatwa na chujio jipya. Akasikia bangili za mama mkwe, kiti kikilia, mama mkwe akisema, "Haya cheka, cheka, mama yako akusikie."

Pumzi ya mtoto haikuwepo. Kicheko hakikuwepo. Chujio la zamani lilikuwa linafanya kazi yake.