Mkwaruzo wa Sauti Yake

Duka la dawa lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Watu walikuwa wametoka kazini, mvua imeanza, na kila mmoja alitaka kuhudumiwa kabla ya mwenzake. Mfamasia, dada mrefu mwenye koti jeupe juu ya gauni la zambarau, alikuwa akimfungia mzee mmoja dawa za presha aliposikia sauti kutoka mwisho wa foleni.

"Naomba vile vidonge vya koo, vya kumung'unya. Vikali kabisa. Hili koo ni kaidi."

Ilikuwa sauti nzito yenye mkwaruzo, kama mlango wa mbao unaofunguliwa taratibu. Mwenye sauti alikuwa mwanamume mwembamba, shati limelowa mabegani, vitabu amevikumbatia kifuani visipate maji.

"Panga foleni, kaka."

"Nimepanga, dada. Ni sauti tu imetangulia."

Foleni nzima ikacheka. Zamu yake ilipofika, mfamasia alikuwa bado anatabasamu.

"Umekauka sauti hivi tangu lini?"

"Tangu mwezi juzi. Ni kazi. Nafundisha historia chuoni, halafu Alhamisi jioni tunatoa mihadhara ya bure kwa wananchi, pale ukumbi wa maktaba. Njoo siku moja, nami nikuhudumie."

Kosa lilifanyika hapo, mbele ya watu, na hakuna aliyeliona. Kila mfamasia anafundishwa kwamba mtu aliyekauka sauti zaidi ya wiki tatu haondoki na vidonge peke yake. Anaambiwa aende hospitali akaangaliwe koo, basi. Asubuhi ileile mfamasia alikuwa amemwambia hivyo mama mmoja muuza mboga, tena kwa ukali. Sasa alimtazama huyu, macho yake, shati lake lililolowa, akasema:

"Mbona inakupendeza?"

"Basi usiniponye yote," alijibu mhadhiri, akaondoka na vidonge vyake.

Alhamisi mfamasia alikwenda. Mwezi ule wahadhiri walikuja kwa zamu: wa fasihi, wa falsafa, wa historia. Viti vya plastiki vilikaliwa na mafundi, wastaafu, wauza matunda, na akina mama wenye watoto mapajani. Mstari wa mbele alikaa mwalimu mkuu mstaafu, mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliyewakemea wahadhiri wakizidisha muda. Yeye ndiye aliyeanzisha utaratibu wa pale: swali la mwisho ni la aliyefika mwisho, ili anayechelewa asione haya kuingia. Na kwa kuwa duka lilifungwa kwa kuchelewa, swali la mwisho likawa la mfamasia kila wiki.

"Hao watawala wako wa zamani," aliuliza siku ya kwanza, "wakiumwa tumbo walikwenda wapi?"

"Kwa mwanamke mkali mwenye koti jeupe," alijibu mhadhiri. Ukumbi ukapiga makofi. Mwalimu mkuu akawatazama wote wawili juu ya miwani, akasema, "Haya."

Wakaanza kupigiana simu. Mfamasia alimwita mhadhiri Redio, maana hakuwa na kituo cha kunyamaza.

"Redio, zima. Kesho nina kazi."

"Betri bado imejaa, mpenzi."

"Mbona inakatikakatika?"

"Ni mtandao."

Haukuwa mtandao. Mkwaruzo ulikuwa umeshuka chini zaidi, na kila sentensi iliishia na pumzi tupu. Mfamasia alisikia. Alilala chali akitazama dari, simu sikioni, akisikia.

"Daktari wangu, niwekee vidonge vingine."

"Mimi si daktari."

"Basi mfamasia wangu. Sauti inakupendeza au haikupendezi tena?"

Alisita. "Inanipendeza."

Alhamisi moja mfamasia alimwona akikohoa nyuma ya pazia la ukumbi. Alikohoa ameinama, mkono umeshika ukuta, kisha akatazama leso yake, akaikunja haraka na kuitia mfukoni. Alipotokea alikuwa anacheka. Mfamasia hakuuliza. 

Halafu simu zikakoma. Akipiga, inaita mpaka inakata. Ujumbe ulikuja mfupi: *Niko salama. Kazi nyingi.* Mtu aliyeweza kuongea mpaka sikio likapata moto!

"Ana mwanamke," alisema dada yake mkubwa akikaanga vitunguu. "Wewe umesoma mpaka chuo, hili halikuingii? Mwanamume yule haachi kuongea. Amebadilisha wa kuongea naye tu."

"Labda."

"Labda nini? Kamtukane, urudi ule."

Mfamasia alishika wazo hilo kwa mikono miwili. Afadhali awe mwanamke mwingine. Kwa mwanamke mwingine kulikuwa na la kufanya: kumtukana. Lile jambo lingine, alilokuwa akilijua tangu siku ya mvua, hakuwa na la kulifanya.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa maktaba: mhadhara wa mwisho wa historia, Alhamisi. Alivaa gauni jekundu lililombana vizuri, akapaka wanja, akatoka kwenda kugombana.

Aliingia wa mwisho. Ukumbi ulikuwa umejaa na hakuna aliyenong'ona. Mhadhiri alisimama mdomo umegusa kipaza sauti, koti likining'inia mabegani kama la kuazima. Alikuwa akisimulia jinsi habari za mji zilivyopita mdomo kwa mdomo kabla ya kuandikwa. Sauti ilitoka vipande vipande. Watu walikuwa wameinama mbele wote, kama wanaochungulia kisimani. Hata watoto walinyamaza.

"Swali la mwisho," alisema mwalimu mkuu, bila kugeuka nyuma. Alikuwa amesikia viatu.

Mfamasia akasimama. "Mhadhiri ana sauti ya kuongea na mji mzima. Kwa nini hana ya kupokea simu yangu?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha, kwa sababu yeye hakucheka.

"Daktari aliniambia niipumzishe," alisema mhadhiri. "Nikanyamaza... ibaki ya leo."

"Kwa nini ya leo?"

"Jumatatu napasuliwa. Uvimbe uko kwenye nyuzi zenyewe za sauti. Wataondoa zote."

Mtoto mmoja akaanza kulia. Mwalimu mkuu akavua miwani, akaipangusa, akasimama.

"Maswali yamekwisha! Viti vikunjwe, kila mtu na chake. Haraka!"

Waliachwa pale mbele wawili, kelele za viti zikiwazunguka.

"Nilidhani utasikia kwenye simu," alinong'ona mhadhiri. "Ndiyo maana sikupokea."

"Nilisikia siku ya kwanza, Redio. Dukani. Nilijua la kukuambia. Ni kazi yangu kusema vile. Nikakuambia inakupendeza."

 Mhadhiri akatoa mfukoni pakiti ya vidonge, imebaki nusu, akaiweka kiganjani mwa mfamasia.

"Ungeniambia, ningekwenda?"

"Huenda usingekwenda. Lakini ningekuwa nimekuambia."

"Na mimi nilikuwa nanunua vidonge... nisiende hospitali. Tulijua wote."

Machozi yaliharibu wanja wake, naye hakuyafuta. "Jumatatu nitakupeleka mimi. Nitakaa mlangoni mpaka utoke."

"Inaweza kuwa imesambaa. Hawajui bado."

"Nimesema nitakaa."

Akaitikia kwa kichwa. Akamshika mkono, akavuta pumzi. "Sauti sikuiweka kwa ajili ya historia tu. Kuna jambo nilitaka kukuuliza. Kwa mdomo wangu."

"Uliza basi."

Alifungua mdomo. Pumzi ikatoka peke yake. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, macho yakajaa hofu, na midomo ikaunda maneno yote, moja baada ya jingine, bila mlio. Mhadhara ulikuwa umeimaliza sauti.

Nyuma yao viti viliacha kugonga. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama na kiti mkononi.

Mfamasia aliitazama ile midomo mpaka ilipofika mwisho.

"Nimesikia," alisema. Kisha akasema kwa nguvu, ukumbi mzima usikie, kwa ajili ya wote wawili: "Ndiyo!"